Boti ya Rimoti Mbele ya Watu wa Tana

Mwaka 1898, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, waliokuja kutazama Maonyesho ya Umeme walikuta bwawa limejengwa ndani ya jengo. Majini palielea boti ya chuma yenye urefu wa mita moja na kidogo. Haikuwa na mtu ndani, wala kamba, wala waya wa kuiunganisha na nchi kavu. Kando yake alisimama Nikola Tesla, mhandisi aliyezaliwa mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho leo kiko Kroatia. Alipogeuza swichi kwenye kisanduku chake, usukani wa boti uligeuka. Alipogeuza tena, rafadha ilisimama na taa zikamulika.

Watazamaji walitafuta maelezo kila mahali isipokuwa kwenye mawimbi ya redio, kitu ambacho wengi wao hawakuwahi kukisikia. Kuna waliotaja uchawi, na kuna waliodai kwamba ndani mmefichwa nyani aliyefunzwa. Inasimuliwa kwamba mmoja wao aliiuliza boti kipeuo cha tatu cha 64, na taa zikamulika mara nne. Aliyejibu alikuwa Tesla mwenyewe, kwa kidole chake kwenye swichi.

Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo Marekani ilimpa hataza namba 613,809. Nchi hiyo ilikuwa imetoka kupigana na Uhispania, na Tesla aliamini kwamba chombo kisicho na mtu kingewavutia wanamaji. Hawakukichukua. Vitabu vingi husimulia habari hii kama mwanzo wa silaha za kuongozwa kutoka mbali, kisha huiacha hapo. Lakini ndani ya hataza ile mna orodha nyingine ambayo haisemwi mara nyingi. Tesla aliandika kwamba chombo cha namna hii kingeweza kuwa boti ya kuokoa maisha au boti ya kuongoza meli, kingeweza kubeba barua, vifurushi, chakula na vifaa vya kupimia, na kingeweza kufika sehemu zisizofikika na kuchunguza hali yake.

Orodha hiyo inastahili kusomwa na kila aliyewahi kuiona Garsen wakati wa mafuriko.

Garsen iko kando ya Mto Tana, karibu na makutano ya Minjila, ambapo barabara ya kutoka Malindi inagawanyika: moja inapanda Hola na Garissa, nyingine inavuka mto kuelekea Witu na Lamu. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, kama kilomita 1,000 kutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya hadi Bahari ya Hindi pale Kipini. Chini ya Garsen mto unaanza kutawanyika. Unaingia kwenye delta ya mabwawa, misitu, malisho na mashamba ya mpunga. Mwaka 2012 eneo hilo, lenye zaidi ya hekta 160,000, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wapokomo hulima kingoni, Waorma na Wardei huteremsha mifugo yao kiangazi, na wavuvi hutandaza nyavu katika maziwa yanayobaki mafuriko yanapopungua. Maisha yote haya yanategemea mto kufurika. Shida huja mto unapofurika kupita kiasi, kama ulivyofanya mwaka 1961, kisha 1997, kisha 2018, kisha mwishoni mwa 2023 na tena katika masika ya 2024.

Katika masika hayo ya 2024 zaidi ya watu 200 walipoteza maisha kote Kenya. Mabwawa ya Tana ya juu yalijaa hadi kumwaga maji. Barabara ya Lamu ilifunikwa upande wa Gamba na Lango la Simba, na abiria wakalazimika kushuka kwenye mabasi na kupanda boti. Mwishoni mwa Aprili, boti iliyosheheni watu ilipinduka Kona Punda, karibu na Garissa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lilitangaza kwamba watu 23 waliokolewa. Wengine hawakuwahi kufika ng'ambo.

Kwa hiyo swali ni moja: boti ndogo ya rimoti, ile ambayo wengi wetu tumeizoea kama kitu cha watoto au cha wapenda burudani katika maonyesho ya vyombo vya majini, ina kazi gani kwenye maji kama haya? Jibu ni kwamba ina kazi kubwa, ila sharti kwanza ionyeshwe pale pale mtoni, mbele ya watu wanaoyajua maji hayo. Onyesho la bwawani halitoshi, na sababu zake ni za kihandisi kabisa.

Kabla ya kufika huko, inafaa kukumbuka kwamba Pwani ya Waswahili haikusubiri New York ili ithamini chombo cha mfano. Makumbusho ya Lamu yana mkusanyiko wa vyombo vidogo vilivyoundwa kwa ustadi uleule wa vyombo vikubwa: mlingoti, foromali, tanga, usukani, kila kitu mahali pake. Miongoni mwa vyombo vya pwani hii uzito wa pekee unao mtepe, jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, lenye tanga la mkeka la pembe nne. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mengi tunayoyajua leo kuhusu umbo lake tunayajua kwa sababu ya picha za zamani na mitepe ya mfano. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili, uliopewa jina Shungwaya, ulijengwa Zanzibar na kuwekwa Beit al-Ajaib. Chombo cha mfano, basi, kimewahi kuhifadhi elimu ambayo hata bahari iliipoteza.

Na watoto wa Pwani, kuanzia Vanga hadi Kiunga, huchonga vidau vyao, huvitia tanga la kitambaa au la mfuko wa plastiki, huvisukuma majini na kuvikimbilia. Mtoto anayehamisha mlingoti wa kidau chake nyuma kidogo kwa sababu kinakataa kushika upepo tayari anafanya majaribio ya uhandisi. Kinachoongezwa na redio ni uwezo wa kukirekebisha kikiwa mbali.

Mtambo wenyewe si mgumu kuelewa. Mkononi mwa mwendeshaji kuna rimoti yenye vijiti viwili au gurudumu na kifyatulio. Hiyo hutuma mawimbi ya redio. Ndani ya boti mna kipokezi, ambacho hugawa amri mbili: moja huenda kwa mota ndogo iitwayo sevo, inayogeuza usukani, nyingine huenda kwa kidhibiti mwendo, ambacho hupima umeme wa kupeleka kwenye mota ya rafadha. Betri za siku hizi ni za lithiamu. Kila seli ina volti 3.7 za kawaida, hujazwa hadi 4.2, na ikishushwa chini ya 3 huanza kuharibika. Boti nyingi za zamani zilitumia masafa ya megahezi 27 au 40, kila moja na kristali yake. Watu wawili wakiwasha rimoti za kristali moja, boti zote mbili hurukwa na akili. Ndiyo maana kwenye maonyesho kulikuwa na ubao wa vibanio, kila kibanio na namba ya masafa. Usiposhika kibanio hukuruhusiwa kuwasha. Tangu miaka ya 2000 rimoti nyingi zimehamia gigahezi 2.4, ambako rimoti na kipokezi hutambuana na kurukaruka kati ya masafa pamoja, na ubao ule ukawa hauhitajiki tena.

Kuonyesha boti mbele ya umati ni kazi ya ufundi, na wanaoifanya vizuri huheshimiwa kwa haki. Jambo la kwanza linalomtatiza mgeni ni kwamba boti inapomjia, kushoto kwake kunakuwa kulia. Akivuta kijiti kuelekea upande anaotaka boti iende, inakwenda kinyume na kugonga ukingo. Mwonyeshaji mzoefu hujiweka akilini ndani ya boti, kana kwamba ameketi kwenye usukani, na mkono wake hufuata omo ya boti badala ya macho yake. Jambo la pili ni mwendo. Mgeni hukanyaga moto mara moja kwa sababu kasi hupigiwa makofi. Mwonyeshaji mzoefu huchagua tagi, chombo cha bandarini cha kuvuta meli, na kwa dakika kumi nzima huisukuma meli ya mfano hadi gatini bila kuigusa kwa kishindo. Wanaojua vyombo, manahodha na marubani wa bandari, hukusanyika mbele ya tagi. Wanaona pale kazi yao wenyewe.

Hapo ndipo linapoingia jina la William Froude. Mwaka 1872 Mwingereza huyu alikamilisha huko Torquay bwawa refu la majaribio kwa ajili ya jeshi la majini la nchi yake, akavuta humo meli za mfano na kupima ukinzani wa maji. Aligundua kanuni inayotumika mpaka leo: ukitaka mawimbi yanayozunguka chombo cha mfano yafanane na yale ya chombo kikubwa, mwendo usipunguzwe kwa kiwango kilekile ulichopunguzia urefu. Upunguze kwa kipeuo cha pili cha kiwango hicho. Boti iliyopunguzwa mara 25 hupunguziwa mwendo mara 5 tu. Uzito nao hupungua kwa 25 × 25 × 25, yaani mara 15,625.

Chukua sasa boti ya kazi inayokwenda kilomita 18 kwa saa. Mfano wake wa moja kwa 25, ukiendeshwa kwa mwendo sahihi, huenda kilomita 3.6 kwa saa, sawa na mita moja kwa sekunde. Bwawani inapendeza mno. Inakata maji taratibu, wimbi la omoni linaonekana kama la kweli, wapiga picha wanafurahi. Ipeleke kwenye mto unaokwenda mita moja kwa sekunde, uiache omo ikitazama kule maji yanakotoka, na utaiona imesimama palepale. Maji yakizidi kidogo tu, inarudi nyuma huku rafadha ikizunguka. Mto haujui habari ya vipimo vya mfano. Hilo pekee linatosha kuonyesha kwa nini chombo kilichofaulu ukumbini hakijathibitisha lolote kwa watu wa Garsen.

Na Tana ina mitihani mingine. Maji yake ni ya rangi ya udongo mwaka mzima, kwa kuwa mto hubeba mamilioni ya tani za tope kila mwaka kutoka nyanda za juu. Mchanga huo huingia kwenye bomba linalopitisha ekseli ya rafadha na kuila, na tope huziba tundu dogo linaloingiza maji ya kupoza mota. Kuna magugu, magogo na visiki vilivyojificha. Kuna viboko na mamba. Kingo hubomoka. Mto hupindapinda, na misitu ya kingoni husimama kati ya rimoti na boti. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapendi vizuizi, na antena iliyo sentimita chache tu juu ya maji hufika umbali mfupi kuliko ile iliyoinuliwa. Mwonyeshaji aliyezoea kuona boti yake kila sekunde atalazimika kuinua antena kwenye kijiti na kukubali kwamba kona ya mto ndiyo mwisho wa mamlaka yake.

Watu wa mto huu wameshaona vyombo vigeni vikija na ahadi kubwa. Mwaka 1891 Commander F. G. Dundas wa jeshi la majini la Uingereza aliipandisha Tana meli ya mvuke iitwayo Kenia, mali ya Imperial British East Africa Company, hadi Hameye. Kampuni ilitumaini mto huu utakuwa njia ya biashara kuelekea bara. Haukuwa. Mafungu ya mchanga huhama, mikondo hubadilika, na kina cha jana si kina cha leo. Hata mdomo wa mto ulihama: katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, maji yakaupanua, na hatimaye Tana yenyewe ikaifuata njia hiyo hadi Kipini. Mtumbwi wa gogo wa Wapokomo ulikuwapo kabla ya meli ya mvuke na ukabaki baada yake. Una kina kidogo, huendeshwa kwa upondo unaogusa chini na kumwambia mwendeshaji hali ya mto, na ukikwama mtu hushuka na kuusukuma. Pale Garsen penyewe, kabla ya daraja, magari yalivushwa kwa kivuko kilichovutwa kwa mikono. Elimu ya kuvuka maji haya ipo, na ni ya watu wa hapa.

Boti ya rimoti haiji kushindana na mtumbwi huo. Inakuja kufanya kazi mbili ambazo hakuna nahodha mwenye busara anayetaka kuzifanya.

Kazi ya kwanza ni kutangulia mahali ambapo kumpeleka mtu ni kuhatarisha maisha ya wawili. Mfano wake wa kweli uko Ugiriki. Mwanzoni mwa 2016, wakati wakimbizi walipokuwa wakivuka kwa mipira ya kupulizwa kutoka Uturuki hadi kisiwa cha Lesbos, waokoaji walipelekewa boya la rimoti liitwalo EMILY, lililotengenezwa na kampuni ya Hydronalix ya Arizona, Marekani. Urefu wake ni kama mita 1.2, uzito wake kilo 11 hivi, na linaweza kukimbia zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Halina rafadha ya nje ya kumkata mtu, kwani linasukumwa kwa maji yanayotupwa nyuma. Watu kadhaa wanaweza kulishikilia. Linaweza pia kuburuta kamba hadi kwa waliokwama, kisha waliomo nchi kavu wakawavuta. Profesa Robin Murphy wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, ambaye kwa miaka mingi ameongoza matumizi ya roboti katika maafa, alikuwa miongoni mwa waliolipeleka Lesbos. Kundi lake lilijifunza jambo linalofaa kukumbukwa Garsen: boya hilo halikuwaondoa waokoaji kazini. Liliwapa nafasi ya kuwashughulikia kwanza watoto na wazee huku wenye nguvu wakishikilia boya.

Mfikirie mzee na wajukuu wake juu ya kichuguu au paa, maji yakipita kati yao na nchi kavu, giza likikaribia. Leo anayejitolea kuwafikia huogelea na kamba kiunoni, au hupanda boti ya injini asijue chini yake kuna nini. Boti ya kilo 11 ikizama, kimezama chombo. Ikifika, kamba imefika, na kwa kamba hiyo nyembamba huvutwa kamba nene, kisha boti ya watu huvuka ikiwa imeshikwa pande zote mbili. Uvuvi wa burudani huko Ulaya una boti za bei nafuu zaidi, zinazobeba chambo cha kilo moja au mbili hadi katikati ya ziwa na kukimwaga kwa kubonyeza kitufe. Kilo mbili ni dawa, ni simu yenye betri iliyojaa, ni tochi, ni tembe za kusafisha maji.

Kazi ya pili haina kelele, na pengine ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa mwaka mzima: kupima mto. Kenya ina vituo vya vipimo kwenye mito yake. Kituo cha Garissa ni 4G01, cha Garsen ni 4G02. Kuusoma mti wa vipimo ukingoni kunakupa kimo cha maji tu. Ili kujua ni maji kiasi gani yanayopita, lazima upime upana, kina na mwendo. Kama mto una upana wa mita 60, kina cha wastani cha mita 3 na mwendo wa mita moja kwa sekunde, zinapita mita za ujazo 180 kila sekunde. Hesabu ni nyepesi. Kupata namba hizo tatu wakati mto umechafuka ndiyo kazi, maana lazima kitu kivuke kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kikipima njia nzima.

Katika nchi kadhaa kitu hicho sasa ni boti ya rimoti. Shirika la serikali ya Marekani linalopima mito, USGS, limetumia boti ndogo za kuongozwa kwa redio zilizofungwa kifaa cha sauti chini yake. Kifaa hutuma mlio majini. Mlio unagonga chembe za tope zinazosafiri na maji, unarudi ukiwa umebadilika kidogo, na kwa mabadiliko hayo, ambayo Christian Doppler aliyaeleza mwaka 1842, mwendo wa maji hujulikana kuanzia juu hadi karibu na chini. Tope la Tana, adui wa rafadha, hapa linakuwa msaada, kwani maji maangavu mno hayana chembe za kurudisha mlio. Boti inavuka mara kadhaa, hesabu inapatikana, na hakuna mtumishi wa serikali aliyesimama kwenye mtumbwi kati ya viboko.

Umuhimu wake kwa Garsen ni huu. Mafuriko makubwa ya Tana hayamshtukizi mtu kwa saa moja. Yanapita Garissa kwanza, kisha huchukua siku kadhaa kuteremka, yakimwagika njiani kwenye mabonde, hata kilele chake kinapofika Garsen huwa kimepungua kuliko kilivyokuwa juu. Kiasi gani kimepungua, na kinachobaki kitafika lini, hutegemea jinsi mabonde yalivyokwisha kujaa. Kampuni ya KenGen, inayoendesha mabwawa ya umeme ya Tana ya juu, kuanzia Masinga lililozinduliwa mwaka 1981 hadi Kiambere, hutoa tahadhari mabwawa yanapofurika. Tahadhari hiyo ikiambatana na vipimo vya mara kwa mara kati ya Garissa na Garsen, mkulima wa kijiji cha Ngao anaweza kuambiwa siku, badala ya kuambiwa tu ahame. Vifaa vya Doppler hugharimu mamilioni ya shilingi, hilo lisifichwe. Lakini boti ya kukibeba kifaa hicho inaweza kuundwa na mafundi wa hapa, na kifaa cha bei ndogo cha kupimia kina, kama kile wanachotumia wavuvi kutafuta samaki, tayari kinatosha kuchora mafungu ya mchanga na njia salama ya boti za abiria pale barabara inapokatika.

Basi onyesho lenyewe lifanyweje? Lifanywe Garsen, wakati wa kiangazi, maji yakiwa chini na ya kutabirika, na tarehe ipangwe pamoja na wazee, manahodha na wavuvi wa hapo. Wao ndio wanaojua mamba wanaota jua wapi mwezi huo na ukingo upi unakaribia kubomoka. Boti isiwe nakala ya meli maridadi. Iwe pana, ya kina kifupi, yenye mota mbili ili ikipoteza moja iweze kurudi, na rafadha zake zifunikwe kwa wavu dhidi ya magugu.

Mtihani wa kwanza uwe kusimama: boti ishike mahali pamoja katikati ya mkondo kwa dakika tano. Hakuna kitu kisichosisimua kama hicho, na hakuna kitu kinachomwambia nahodha mengi zaidi. Kisha ivuke na uzi hadi ng'ambo, ambako mtu mwingine aupokee na kuvuta kamba. Kisha ipeleke boya kwenye pipa tupu lililofungwa mtoni. Liwe pipa, kwa sababu hakuna onyesho linalostahili kumweka mtu kwenye maji yenye mamba.

Halafu ufike mtihani ambao waonyeshaji wengi huukwepa. Rimoti izimwe kwa makusudi boti ikiwa katikati ya mto. Boti za bwawani zimewekewa kinga inayozima mota mawimbi yanapokatika, na bwawani ni kinga nzuri, maana boti hutulia na kusubiri kuchukuliwa. Mtoni kuzima mota ni kuikabidhi kwa mkondo, na mkondo utaipeleka kuelekea Kipini. Boti ya Tana lazima ifanye jambo lingine: irudi yenyewe ilikotoka kwa msaada wa setilaiti, au iwe imefungwa uzi tangu mwanzo. Watazamaji waone kwa macho yao itafanya nini. Wakishaona chombo kikikosea na kujirekebisha, watajua pa kukiamini na pa kutokiamini.

Mwisho, rimoti ikabidhiwe kwa nahodha wa hapo, na fundi akae kimya. Dakika za mwanzo boti itakwenda kombo, kushoto kukiwa kulia. Baadaye atafanya kitu ambacho fundi hakukifikiria: ataacha kupigana na mkondo, ataipandisha boti kwa kuambaa ukingo ambako maji ni mapole, kisha ataiachia ishuke kwa mshazari hadi ng'ambo, kama mitumbwi inavyovushwa. Betri itadumu maradufu. Programu ya kuongoza boti hiyo iandikwe baada ya siku hiyo, ikifuata mkono wake.

Serikali ya Kaunti ya Tana River, Mamlaka ya Rasilimali za Maji, Msalaba Mwekundu na vyuo vya ufundi vya Pwani vina kila kitu kinachohitajika kuandaa siku moja ya namna hii: mto, watu, mafundi na sababu. Waandae kiangazi kimoja kabla ya masika, waanze na boti mbili za bei nafuu na kamba ndefu, na wawaite manahodha wa Garsen na Kipini wawe waamuzi. Boti itakayokubaliwa na manahodha hao inunuliwe na kuwekwa Garsen, betri zake zichajiwe kwa umeme wa jua, na vijana wawili wa kila kijiji cha kingoni wafundishwe kuiendesha kabla mvua hazijaanza.